Ubao wa Fundi Ramazani

Mounira, muuza vitenge, alikuwa na sifa mbili zilizojulikana mtaa mzima wa Bel-Air, Lubumbashi: vitenge vyake havichuji, na yeye mwenyewe habembelezeki. Wateja walikuja kwa sababu ya sifa ya kwanza. Kaka yake Souleymane aliijua ya pili tangu utotoni, na bado hakuacha kujaribu bahati yake.

Mara hii alikuja na sababu nzito. Nafisa, binti pekee wa Mounira, alikuwa ameposwa na kijana wa Kipushi, na ukoo wa kijana ungefika Jumamosi. Baba yake Nafisa alishafariki zamani. Ndugu zake wako mbali, Kasongo, na walituma neno kwamba mjomba awapokee wakwe kwa niaba yao. Kwa hiyo Souleymane ndiye angekaa kwenye kiti cha mpokeaji, na Souleymane akipewa kiti hujiona amepewa na nyumba yenye kiti.

Alisimama katikati ya sebule, mikono nyuma, akautazama ukuta wa kusini.

"Mama Nafisa, hizi makaratasi tunazitosha pa ukuta lini?"

"Makaratasi gani, Yaya?" Ndivyo alivyomwita kaka yake mkubwa.

"Hizi za Bachinois."

"Si za Bachina, ni za Bajapani," Mounira akasema, huku akikunja kitenge. "Na hazitoke."

Ukuta ulikuwa umejaa picha kutoka usawa wa migongo ya viti hadi karibu na dari. Palikuwa na kunguru kwenye tawi lenye theluji. Palikuwa na wapagazi wawili wenye kofia za majani, wakikimbia na mzigo mabegani, na mwigizaji wa zamani aliyekodoa macho kana kwamba anaumwa jino. Hizo zilikuwa za kale. Pembeni yake palikuwa na ya juzijuzi, iliyochongwa hukohuko Japani na mtu aliye hai: kituo cha treni, usiku, msichana anatazama simu mbele ya mashine ya kuuzia soda. Na chini yake zilikuwa za hapahapa Lubumbashi, kazi ya mchongaji kijana aitwaye Princesse, zote za mlima mweusi wa makapi ya shaba ambao kila mtu mjini anauita terril. Terril nyuma ya kamba ya nguo. Terril kati ya miguu ya mtu anayesukuma baiskeli ya makaa. Terril ndogo kama ukucha, juu ya paa za Bel-Air. Zote, za kale na za sasa, zilizaliwa kwa njia moja: mtu amechonga ubao, akaupaka rangi, akalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mkono.

"Bakwe bataswali hapa," Souleymane akasema. "Nani anaswali mu nyumba yenye iko na sura za bantu pa ukuta?"

"Kibla iko upande ule. Picha ziko nyuma ya bantu. Baba aliswali hapa mpaka alikufa, na ule mwanamuke wa mvua, pale katikati, alikuwa nyuma yake siku zote."

"Baba alikuwa na moja. Weye uko na musée muzima. Unajua bajirani banasema nini? Banasema Mama Nafisa anapenda Bachinois kupita bantu ba kwao."

"Basikuye basi kunywa chai yangu."

Souleymane akavuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa heshima, na kuna watu ambao heshima inawabana kuliko kiatu kipya. Alichotaka ni ukuta mweupe, saa ya ukutani, na lile zulia lenye picha ya Makka ambalo yeye mwenyewe alimletea dada yake, na ambalo dada yake alilitandika chumbani kwake, mahali pa heshima lakini pasipoonekana na wageni.

"Samedi nitakuya," akasema mlangoni. "Kama nakuta ukuta iko vile, siikale pa kiti. Na mi nikikosa kuikala, hakuna posa. Unajua."

Mounira alijua. Katika ukoo ule wakwe hawaonji hata maji mpaka mpokeaji ameketi, na asipoketi wanaondoka walivyokuja. Aliogopa, hilo lisifichwe. Lakini aliendelea kukunja kitenge chake mpaka pembe zikalingana.

Mwanamke wa mvua ndiye aliyeanzisha yote. Zamani za Zaire, Wajapani walipokuwa wakichimba shaba Musoshi, karibu na mpaka wa Zambia, Fundi Ramazani, baba yao Mounira na Souleymane, aliitwa kutengeneza makasha. Wajapani walikuwa wanarudi kwao na vyombo vyao vilihitaji kufungwa. Injinia mmoja alipenda kusimama na kumwangalia akipiga randa. Hawakuwa na lugha moja, lakini kila mmoja aliutambua mkono wa mwenzake. Siku ya kasha la mwisho, injinia alimpa picha.

Ilikuwa picha ya mwanamke mwenye mwavuli, anavuka daraja la mbao, anakwenda upande wa kushoto, na mvua inamjia usoni. Nguo yake bluu, daraja kijivu, muhuri mwekundu pembeni. Seremala alishangazwa na kitu kimoja. Mvua ile haikuwa na rangi. Ilikuwa mistari iliyokandamizwa kwenye karatasi tupu. Kwa macho huioni vizuri, lakini ukipitisha kidole polepole, unaihisi inanyesha.

Ramazani hakulala vizuri mpaka alipojaribu. Alichukua ubao wa mupundu, mti mgumu unaosumbua patasi, akachonga mwanamke, daraja, mwavuli, na mvua yote, mstari kwa mstari. Maisha yake yote alikuwa amechonga milango na migongo ya viti, kwa hiyo alichonga alichokiona kama alivyokiona: mwanamke anakwenda kushoto, naye akamchonga anakwenda kushoto. Akapaka masizi yaliyochanganywa na mawese, akalaza karatasi ya mfuko wa simenti, akaisugua, akaibandua mbele ya wanafunzi wake. Mwanamke alikuwa anakwenda kulia. Mlango haugeuzi kitu. Karatasi inageuza kila kitu, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Wanafunzi walicheka, naye akacheka nao mpaka akakohoa. Kisha akaupeleka ubao jikoni, na kwa miaka mingi mama yao aliweka sufuria ya bukari, ugali wa kwao, juu yake, upande wenye kazi ukiangalia chini. Souleymane alikuwa kijana mkubwa wakati huo, na aliona haya kuliko baba yake. Wenzake barazani walimwita mtoto wa fundi wa kinyume. Mounira alikuwa mdogo. Yeye alikuwa akiugeuza ubao mama asipoona, na kupitisha kidole kwenye mvua.

Baba alipokaribia kufa alisema picha iende kwa Mounira. Ubao hakuusema, na Mounira aliuchukua bila kuuliza mtu.

Baada ya hapo hakutulia. Alitafuta nyumba za watu waliofanya kazi Musoshi, wapishi, madereva, wafua nguo. Kwa mjane mmoja wa Kipushi alimkuta kunguru, ametandikwa chini ya sanduku la nguo, akambadilisha kwa kitenge kizuri kilichokuwa dukani, na mjane alimwona mwendawazimu. Aliangalia karatasi kama anavyoangalia kitenge: kwanza mgongo. Kitenge cha kweli kinaonyesha rangi pande zote mbili, na picha ya mkono nayo inaacha alama mgongoni, mahali mchapaji alipoikandamiza. Simu zilipokuja zenye picha, alinunua kutoka hukohuko Japani, zikapitia kwa mpwa wake Dar es Salaam. Za kale alizipenda. Lakini wanaokusanya vya wafu peke yake walimkera. Wafu wamepata zamu yao, alikuwa akisema, na sisi nasi tuna mikono.

Ndiyo maana alimpenda Princesse. Princesse alisoma beaux-arts, chuo cha sanaa, akaanza kuchonga terril kwenye mbao, na mwenye ukumbi mmoja wa picha mjini akamwambia kazi yake ni kuiga Wajapani, arudi afanye vitu vya Kiafrika. Princesse alilia kwenye teksi. Mounira alisikia habari, akamfuata nyumbani, akachukua picha zote, na akamwambia asithubutu kuacha.

Jumatano Mounira alikwenda Kasumbalesa kufuata mzigo wa vitenge. Aliporudi jioni alikuta msumari mtupu katikati ya ukuta.

"Tonton Souleymane alikuya," Nafisa akasema. Alikuwa amesimama karibu na meza, mikono haijui pa kwenda. "Alibeba ile ya Babu. Alisema anaenda kuitengeneza. Nilimukataza, Mama. Alisema mi niko mutoto."

Hawakungoja sana. Souleymane aliingia na gazeti lililofungwa chini ya kwapa, na uso wake ulikuwa umekunjuka kama wa mtu anayeleta zawadi. Aliketi bila kukaribishwa.

"Nimefikiri," akasema. "Mi siko mutu ya vita. Ya Baba itabakia. Zingine zote zinashuka, mais ya Baba itabakia, na itabakia na heshima." Akafungua gazeti. "Angalia. Maji haiingie tena. Mavumbi haiingie. Hata mutoto akiimwangia chai, unapanguza tu."

Alikuwa ameipeleka kwa wapiga fotokopi, akaivalisha plastiki ya moto.

Mtu wa Lubumbashi ataelewa. Diploma inavalishwa plastiki, kadi ya uchaguzi inavalishwa plastiki, karatasi ya kiwanja, cheti cha ndoa, picha ya marehemu. Kitu kinachopendwa kinapelekwa kwa yule kijana mwenye mashine, kinaingia upande huu na kutoka upande ule kikiwa cha moto, kigumu na cha milele. Souleymane alikuwa amefanya kwa picha ya baba yake kile ambacho kila mtu mjini anafanya kwa kitu asichotaka kupoteza.

Mounira aliishika. Bluu ilikuwa imeiva na kuwa karibu nyeusi. Begani kwa mwanamke palikuwa na kiputo cha hewa. Ili iingie kwenye mashine, mtu alikuwa amekata kingo kwa mkasi, na muhuri mwekundu ulikuwa umekwenda na kingo. Alipitisha kidole mahali pa mvua. Kidole kikateleza tu.

"Yaya," akasema, "mvua iko wapi?"

"Mvua gani?"

Aliingia jikoni. Alilia akiwa amesimama, ameshika beseni, alilia kwa uchungu wa kweli, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hasira yake haikuwa na pa kutua, kwa sababu kaka yake alikuwa amefanya kwa mapenzi. Kisha akanawa uso na akatoka.

"Uliiua," akamwambia. "Nasema mbele ya mutoto, ajue. Ulifanya na roho muzuri, na uliiua."

Souleymane aliinuka polepole. Alikuwa ametarajia shukrani, na aliumia, na mtu mwenye heshima akiumia anarudi kwenye amri.

"Samedi," akasema. "Zingine zote chini. Ao siikale."

Asubuhi yake Princesse alifika na mfuko wa vifaa, kwa sababu Nafisa alikuwa amempigia simu. Aliketi na picha ya plastiki magotini. Alijaribu pembe moja kwa ukucha, akaacha.

"Haitoke, Mama Mounira. Tukivuta, karatasi inakuya pamoja."

"Najua." Mounira alikuwa juu ya kiti, anautoa ubao wa baba yake ukutani. Siku zote aliutundika pale kati ya picha, uso ukiangalia mbele, na wageni walidhani ni pambo. Akauweka mezani. "Tunachapa hii."

Princesse aliutazama, na wote watatu walijua anachotaka kusema.

"Itatoka kinyume. Mama, nipe siku ya leo tu, nichonge ingine. Nitageuza vile inafaa, itakuwa sawa ile ya kwanza."

"Apana. Sitaki sawa ile ya kwanza. Ile ya kwanza ilikuwa ya injinia. Hii ni ya Baba." Kisha akamgeukia binti yake, kwa sababu kulikuwa na jambo moja ambalo hakuweza kuliamua peke yake. "Nafisa. Ukuta ukibaki, tonton anaweza kukataa kuikala. Posa yako inaharibika mbele ya bantu. Sema kweli. Ukiniambia nishushe, nitashusha."

Nafisa alimpenda yule kijana wa Kipushi. Alifuta meza iliyokuwa tayari safi.

"Banakuya kunichukua ku nyumba ya mama yangu," akasema mwishowe. "Tukishusha, banakuya kunichukua ku nyumba ya nani?"

Basi wakaanza kazi. Waliusugua ubao kwa mswaki na maji ya uvuguvugu, na miaka ya jikoni ikatoka kwenye mwavuli na kwenye mbao za daraja. Princesse alipika uji mwepesi wa wanga wa muhogo. Masizi aliyokuja nayo yalikuwa meusi mno kwa macho ya Mounira, kwa hiyo Mounira alileta bluu ya kufulia mashati meupe, wakasaga punje zake, wakachanganya mpaka ikapatikana bluu ya jioni ya masika. Karatasi waliilowesha na kuiacha chini ya vitenge vizito. Chombo cha kusugulia Princesse alikitengeneza mwenyewe: duara la kadibodi ngumu lililofungwa ndani ya maganda ya mahindi, kwa sababu Wajapani wanatumia ganda la mwanzi na yeye hakuona sababu ya kuagiza ganda kutoka ng'ambo wakati soko limejaa mahindi.

Karatasi ya kwanza ilikuwa na maji mengi, na mwanamke akatoka kama amezama. Ya pili ilisogea. Nafisa akasema labda Babu hataki. Mounira akamwambia Babu anataka, wao ndio hawajabonyeza. Akafunga kitambaa kichwani upya, akachukua chombo, akaegemeza uzito wake wote wa mama mzima, akasugua kutoka katikati kwenda kingo, polepole, mpaka mabega yakauma. Waliibandua kwa pamoja, kila mmoja pembe yake.

Mwanamke alikuwa anakwenda kulia, mwavuli mbele. Karatasi ilikuwa imezama kwenye mistari aliyoikata Fundi Ramazani kwa patasi, na mistari ilibaki mieupe katikati ya bluu, imeinuka kidogo. Mounira alingoja ikauke. Kisha akapitisha kidole, na akaihisi inanyesha. Alicheka kwa sauti hadi mteja aliyekuwa akingoja dukani akauliza kuna nini.

Jumamosi ilinyesha kwelikweli. Wakwe waliteremka kwenye gari wakiwa wamelowa, kwa sababu gari lilikwama njiani na ikabidi lisukumwe. Mzee Zakari, baba mkubwa wa kijana, ndiye aliyekuwa msemaji wao, mtu mrefu mwenye ndevu nyeupe zilizokuwa zinachuruzika. Mkewe Alima alikuwa anatetemeka ndani ya mtandio. Walikaribishwa, wakapewa taulo, wakaketi, na chai ya tangawizi ilikuwa tayari kwenye birika kubwa, wote wakisikia harufu yake, na hakuna aliyeweza kuigusa.

Souleymane alikuja na kanzu yake bora. Alivua viatu, akainua kichwa, akauona ukuta.

Hakuna kilichoshuka. Kunguru alikuwepo, mwigizaji alikuwepo, na terril zote. Katikati, kwa upande wa kulia, ilining'inia picha ya plastiki, na kiputo chake cha hewa. Kushoto kwake palikuwa na mpya. Mmoja anakwenda kushoto, mwingine kulia, wanawake wawili wenye miavuli wanakutana uso kwa uso kwenye mvua. Na kiti cha mpokeaji, kile cha mgongo wa kuchongwa alichokitengeneza baba yao, kilikuwa kimewekwa chini ya ile ya plastiki.

Souleymane alisimama palepale mlangoni. Aliwasalimia wakwe kwa adabu, akauliza habari za njia, akarudia kuuliza habari za njia, na hakuketi. Nafisa alikuwa chumbani, akichungulia nyuma ya pazia. Mounira alikaa mahali pa mama wa bibi harusi, macho chini, kama inavyotakiwa, na hakunyanyuka kushusha hata msumari mmoja.

Mzee Zakari alikuwa mtu wa busara, na mtu wa busara mwenye baridi hutafuta la kusema. Akausogelea ukuta.

"Hawa banamama babili banaangaliana," akasema. "Ni dada?"

"Apana, Mzee," Souleymane akajibu haraka. "Ya kweli ni ile yenye kungaa, ya kulia. Ile ingine ni baba yetu alijaribu, akakosea. Alichonga kinyume. Aibu ya nyumba, tulikuwa tunaitosha leo."

Siku ya posa mama hasemi mpaka apewe neno. Mounira alisimama bila kupewa.

"Mutanisamehe, bakwe, nitasema. Baba hakukosea." Sauti yake ilikuwa tulivu, nayo ilifika hadi jikoni. "Ule wa Japani, mvua yao inatoka kule, kushoto. Basi alikwenda na uso kushoto. Hapa kwetu, mukiangalia hii ukuta, kulia ni barabara ya Kipushi. Mama Alima, leo mvua iliwatokea wapi?"

Alima alikuwa amechoka kuona baridi kwa ajili ya ugomvi wa watu.

"Kipushi," akasema. "Ilitoka na siye kule, ikatufuata mpaka pa mulango."

"Mvua ya Lubumbashi inatoka Kipushi," Mounira akasema. "Mwanamuke wa baba yangu anajua kwenye anakwenda. Ni aibu ya nani?"

Mzee Zakari alitazama picha, akatazama dirisha lililokuwa likipigwa na maji kutoka upande uleule, akaanza kucheka ndani ya ndevu zake.

Souleymane hakucheka. Mounira alimwendea mlangoni, na hapa sauti yake ilishuka, kwa sababu hili lilikuwa la kwao wawili.

"Yaya. Kuya, gusa."

Labda angekataa kama wakwe wasingekuwa wanatazama. Alikuja. Aliweka kidole kwenye plastiki, mahali pa mvua, na kidole kikateleza kama kilivyoteleza cha dada yake. Kisha akakiweka kwenye karatasi ya pili. Kilikwenda kidogo, kikasita, kikarudi nyuma, kikaenda tena. Mtoto wa fundi wa kinyume alikuwa hajawahi kuigusa mvua ya baba yake. Alikuwa amekula bukari juu yake miaka yote, na hakuwahi kugeuza ubao.

"Ni ule wa sufuria?" akauliza, bila kugeuka.

"Ni ule ule."

Kidole chake kilibaki pale. Mounira alimhurumia, na huruma ile haikumbadilisha nia.

"Kiti iko mbaya pale," Souleymane akasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Chini ya hii nilifanya mimi. Sogeza chini ya Baba."

"Apana, Yaya. Pale ndjo nafasi yako."

Alimtazama dada yake. Hakusema pole, na Mounira hakusema si kitu. Birika lilikuwa linatoa mvuke na Alima alikuwa ameanza kupiga chafya. Souleymane alikusanya kanzu yake, akaketi kwenye kiti cha baba yake, chini ya picha aliyoiua kwa roho nzuri, na akafungua mdomo kama mpokeaji.

"Bakwe," akasema, "karibuni ku nyumba ya Fundi Ramazani."

Mounira akamimina chai. Nafisa aliolewa kabla ya masika kwisha, na tangu siku ile kumekuwa na shughuli nyingi sebuleni mle, za furaha na za msiba. Kiti cha mpokeaji kinawekwa palepale. Ukuta umeongezeka. Mara moja kijana mmoja wa ukoo, kwa nia njema, alikishika kiti akitaka kukisogeza kwenye mwanga, na Souleymane mwenyewe akamwambia akiache.